Maji ya Kijani na Sahani Nyeupe

Kila asubuhi, kabla sijafungua banda langu la cherehani, huwa napita bwawani na sahani ya bati, ile nyeupe yenye ukingo wa buluu. Nimeitoboa matundu matatu kwa msumari, nikapitisha nyuzi tatu zinazokutana juu kwenye kamba moja, na chini yake nimefunga jiwe ili izame ikiwa imelala sawasawa. Kwenye kamba nimepiga fundo kila baada ya sentimita 10, na vipimo hivyo nimevichukua kwa futi ileile ninayopimia viuno vya wateja. Naishusha taratibu mpaka weupe wake upotee, nahesabu mafundo na kukadiria sentimita zilizozidi, kisha naandika namba nyuma ya daftari la oda. Namba ya kwanza niliiandika Februari 2020. Ni 12. Yaani sahani nyeupe ya kulia chakula ilipotea machoni ikiwa sentimita 12 tu chini ya maji.

Bwawa lenyewe nililichimbisha Agosti 2019, hapa nyumbani Rau, nje kidogo ya mji wa Moshi. Kazi yangu ni ya kuinamia sindano kutwa nzima, na ukifika umri wangu macho yanaomba kitu cha kupumzikia. Nilitaka nikiinua uso nione kitu chekundu kikipita ndani ya maji. Fundi alichimba shimo la urefu wa mita 3, upana mita 2 na kina sentimita 70, akalijengea kwa tofali na kulipiga lipu ya saruji. Ukizidisha unapata lita 4,200. Alinionya nisiweke samaki mapema, maana saruji mbichi hutoa chokaa inayoyafanya maji kuwa makali. Nikalijaza na kulimwaga mara tatu, kila mara nikiyaacha maji yakae siku kadhaa. Mwisho wa Septemba nikawaleta samaki tisa wa dhahabu kutoka Arusha, nimewapakata kwenye ndoo ndani ya basi, hakuna aliyezidi urefu wa kidole.

Hazikupita wiki mbili. Niliona ukijani hafifu kwenye kona inayopigwa jua, kama shati jeupe lililofuliwa pamoja na kanga inayochuja. Siku nne baadaye bwawa zima lilikuwa na rangi ya maji yaliyochemshiwa mchicha, na samaki nawaona pale tu wanapopanda juu kula. Kila aliyepita alikuwa na jina lake: huyu kuvu, yule ukoga, mwingine uchafu wa samaki. Ni mwani. Sisi tumezoea kuliita mwani lile zao wanalolima akina mama wa Paje na Jambiani kule Unguja, ambalo unalishika mkononi. Huu wa bwawani kila mmoja ni chembe moja pekee, ndogo kiasi kwamba ukichota maji kwenye glasi huoni kitu kinachoelea. Unaona maji yenyewe yamekuwa ya kijani. Ndiyo maana hata ukichuja kwa kitambaa cha popilini unapita wote.

Mimi nilifanya kile ambacho mtu yeyote anayependa usafi angefanya. Nikawahamishia samaki kwenye beseni, nikamwaga maji yote, nikasugua kuta kwa brashi na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nikasuuza, nikajaza upya maji ya bomba. Bwawa likang'aa. Siku ya 12 lilikuwa kijani tena. Nikarudia. Siku ya tisa. Nikarudia tena, nikarudia na mara ya nne, na hiyo mara ya nne kijani kilirudi baada ya siku sita. Ilikuwa Desemba, jua la Moshi linawaka utosini, mgongo unauma, na sikuelewa kwa nini kadiri ninavyosafisha ndivyo linavyochafuka upesi.

Sasa naelewa, na naomba msomaji mwenye bwawa dogo alielewe hili kabla hajashika brashi. Samaki anakula, anatoa uchafu, na kupitia matamvua yake anatoa amonia. Kwenye kuta za bwawa, kwenye mawe, kwenye ule utando unaoteleza, wanakaa bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wakaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni mbolea ya mimea. Bakteria hao wanahitaji wiki nyingi kujijenga. Kila nilipopitisha brashi na ile dawa niliwafuta wote, na samaki wangu wakarudi kwenye maji yasiyo na wa kuwafanyia usafi. Mwani hauna shida hiyo. Wenyewe unakula amonia moja kwa moja, unakula nitrati, ukipata na jua unaongezeka mara dufu kwa siku moja au mbili. Nilikuwa nasafisha shamba, naondoa washindani wote, kisha namwachia nafasi yule mmoja anayekimbia kuliko wenzake.

Januari nikatumia mrututu.

Hili bado linaniuma, na nalisimulia lilivyotokea. Mzee jirani ana kahawa zake za siku nyingi, na kama wakulima wote wa upande huu anaujua mrututu vizuri. Ndio wanaopulizia kutu ya majani. Aliniona nimeshika brashi kwa mara ya tano akanihurumia. "Mwanangu, kutu ya kahawa yenyewe inausikia, sembuse huo utelezi?" Alinipa kidogo kwenye kipande cha gazeti, chembechembe za buluu nzuri kama shanga. Alisema kwa wema wake, na kuhusu mwani hakukosea: shaba iliyomo kwenye mrututu inaua mwani. Niliuyeyusha kwenye ndoo jioni nikaumwaga.

Siku ya tatu niliiona sakafu ya bwawa. Niliwaita wajukuu waje kuona. Kijani kilikuwa kimeshuka chini, kimelala kama vumbi la kahawia, na samaki wote tisa wanaonekana hadi magamba. Usiku ule nililala kwa furaha.

Alfajiri ya siku ya nne nilisikia harufu kabla ya kufika. Harufu ya maji ya chombo cha maua yaliyosahaulika. Samaki sita walikuwa wanaelea ubavu. Watatu waliobaki walikuwa wamejikusanya kwenye kona ambayo bomba linavuja tone kwa tone, midomo imetokeza juu ya maji, inafunguka na kufunga, inafunguka na kufunga, na matamvua yamepanuka mpaka unaona wekundu wa ndani. Nilichukua jagi nikaanza kuchota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yavute hewa. Nilichota mpaka saa mbili asubuhi. Wateja walikuja wakanikuta hapo, nguo ya kulalia imelowa hadi kiunoni. Wale watatu walipona.

Kilichowaua wenzao ni mambo mawili yaliyofika pamoja. Shaba yenyewe ni sumu kwa samaki, na katika maji laini, yasiyo na chokaa nyingi, sumu yake huwa kali zaidi. La pili ni kwamba mwani uliokufa wote kwa mpigo ukaanza kuoza wote kwa mpigo, na uozo unakula oksijeni. Alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Mchana mwani ulio hai unatoa oksijeni, lakini usiku nao unavuta kama samaki anavyovuta, hivyo kabla ya jua kuchomoza ndipo maji yanakuwa na hewa kidogo kabisa. Ongeza na joto. Maji ya nyuzi 20, kwa usawa wa bahari, yanabeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 uwezo unashuka hadi 7 na nusu, na huku juu kwetu ni pungufu zaidi. Na shaba haipotei hewani. Inabaki kwenye tope la chini, ndiyo maana hapo ilinibidi kweli nilimwage bwawa na kulisuuza tena na tena kabla ya kuwarudisha wale watatu.

Februari akaja shemeji yangu, mume wa dada, ambaye anafuga perege Kahe. Nilimtarajia anionee huruma. Alikaa ukingoni, akakunja mkono wa shati, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akaangalia kiganja chake. Hakikuonekana. Bwawa lilikuwa limesharudi kijani, bila shaka.

"Shemeji," akasema, "rangi hii mimi naitafuta kwa samadi ya ng'ombe. Wewe umeipata bure."

Alinieleza kwamba mfugaji wa perege anatia mbolea bwawani kwa makusudi ili mwani uote, kwa kuwa perege wanaula, na vijidudu vinavyoula mwani navyo ni chakula cha vifaranga. Kipimo chao ni huohuo mkono: ukizamisha hadi kiwiko na kiganja hakionekani, maji yameiva, acha kuongeza mbolea. Mimi nikamwambia sifugi wa kula, nafuga wa kuangalia. Akacheka kidogo, kisha akauliza swali ambalo miezi yote mitano hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza.

"Sasa mbolea unaitia wapi?"

Nikasema sitii mbolea. Akaniomba nimletee chakula cha samaki. Kwenye pakiti iliandikwa protini asilimia 40. Akaniuliza natia kiasi gani, nikamwonyesha: kiganja asubuhi, kiganja jioni. Tukapima kwenye mizani yangu ndogo ya jikoni, ikawa gramu 20 kwa siku. Akachukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa akaandika sakafuni. Gramu 20 kwa siku 30 ni gramu 600. Asilimia 40 yake ni gramu 240 za protini. Protini kwa kawaida ina naitrojeni asilimia 16, hiyo ni gramu 38. Urea ya dukani ina naitrojeni asilimia 46. "Kwa hiyo," akasema huku anapigia mstari, "ni kama kila mwezi unachukua gramu 80 na kitu za urea unazimwaga humu. Samaki anajengea mwili sehemu ndogo tu. Nyingine yote inabaki majini, iwe imepitia tumboni mwake au imeoza chini."

Niliuangalia ule mstari wa chaki muda mrefu. Miezi mitano nilikuwa napigana na kijani, na kumbe kijani hakikuwa kimekuja kutoka nje. Kilikuwa kinakula chakula nilichokinunua mwenyewe.

Na hesabu yetu haikuwa imekamilika, kwa sababu kulikuwa na mandazi. Banda langu liko mkabala na bwawa. Wateja wanaosubiri kupimwa au kukunjiwa pindo wanakaa kwenye benchi, wananunua mandazi kwa binti anayepita, na kila mtu anamega kipande anarusha. Watoto ndio kabisa. Samaki wa dhahabu hana tumbo kama letu la kuhifadhi chakula. Kinapita kwenye utumbo moja kwa moja, kwa hiyo ukimpa anakula, ukimpa tena anakula tena, na anakuja kukuangalia kana kwamba hajala tangu juzi. Watu waliona ana njaa. Hata mimi niliamini hivyo.

Shemeji ndiye aliyenifundisha habari ya sahani. Alisema wataalamu wanatumia kisahani maalumu, kilichobuniwa na padri wa Kiitaliano aitwaye Angelo Secchi, ambaye mwaka 1865 alikishusha baharini kutoka kwenye meli ya Papa kupima uangavu wa maji. Sahani ya bati inatosha. Faida yake kwangu imekuwa kubwa kuliko kifaa chochote nilichonunua baadaye, maana macho yanadanganya kufuatana na mawingu na hamu yako, lakini fundo la kamba ni fundo la kamba.

Basi nikaanza na chakula. Kipimo kikawa kifuniko cha chupa ya soda, ambacho kinabeba karibu gramu 2, na kwa samaki watatu kifuniko kimoja kwa siku kinatosha kabisa. Kila asubuhi naweka kipimo cha siku kwenye kikopo chenye mfuniko karibu na benchi. Mteja au mtoto akitaka kulisha, analisha kutoka hapo, kikiisha kimeisha. Niliogopa watu wangekasirika kunyimwa kurusha mandazi. Wamependa, na wajukuu wanagombea zamu. Katikati ya Machi kamba ilisoma 18, kisha 24. Bila dawa, bila brashi, bila kumwaga chochote isipokuwa ndoo 20 za maji kila Jumamosi, ambazo napelekea migomba, na kujaza badala yake maji ya bomba yaliyolala siku mbili kwenye pipa wazi ili klorini itoke.

Halafu mvua za masika zikaanza. Usiku mmoja ulinyesha vizuri, asubuhi kamba ikasoma 10, chini kuliko nilikoanzia.

Nilitembea kwenye mvua na mwavuli kutafuta maji yanatoka wapi, na nilipoyaona nilisikitika kwa sababu nilikuwa nayapita kila siku. Juu ya bwawa nina tuta la mchicha na sukuma wiki, na nimelijaza samadi kila msimu. Uani kwangu pameinama kuelekea bwawani. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye tuta yanaingia bwawani taratibu, hayana kelele. Nikamwita fundi akaongeza mstari mmoja wa tofali kuzunguka ukingo mzima, na mimi na mjukuu wangu mkubwa tukachimba kifereji cha kuyakinga maji ya mvua na kuyapeleka kwenye migomba. Kazi ya siku mbili. Kama ningeweza kurudi nyuma ningeifanya kabla hata ya kuweka maji. Pia kuna mgrevilea wa jirani unaopukutisha majani yake upande wangu; wakati wa kiangazi natandaza neti juu ya bwawa na kuyakusanya, maana jani lililozama ni mbolea inayosubiri siku yake.

Mimea ndiyo sehemu niliyoipenda. Mwani unakula vitu vilevile ambavyo mmea wowote unakula, kwa hiyo ukiweka mmea unaokula sana, unaupunguzia mwani sahani yake. Watu walinishauri niweke magugumaji kwa kuwa yanaota haraka na mizizi yake inanyonya mno. Ni kweli yananyonya, lakini nilikataa na nitaendelea kukataa. Tumeona yalivyofanya Ziwa Victoria. Nyuma ya nyumba yangu unapita mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unaokwenda kwenye mashamba ya watu wengine, na kipande kimoja tu kikichukuliwa na maji ya mvua ni balaa kwa watu ambao hawakuniomba chochote. Kwa sababu hiyohiyo siruhusu samaki wangu wa ziada wamwagwe mtoni, hata mtoto aje kuniambia wanataka uhuru. Samaki wa dhahabu akikaa mahali papana anakua hadi sentimita 30, na anafukuafukua tope mchana kutwa.

Badala yake nikapanda magimbi. Sote huku tunayajua magimbi na tunajua yanavyopenda kukaa na miguu kwenye maji. Nilijenga kijito kifupi kando ya bwawa, upana wa sentimita 50, nikakijaza kokoto, nikapanda magimbi manne ndani ya kokoto bila udongo. Kwa miezi mitatu majani yalikuwa makubwa kuliko meza yangu ya kukatia. Hakuna mbolea niliyoyapa isipokuwa maji ya samaki. Ndani ya bwawa nikaweka yungiyungi mbili kwenye beseni za plastiki, udongo wa mfinyanzi umefunikwa kwa kokoto ili samaki wasiufukue. Majani yake yalipotanda yalifunika karibu nusu ya uso wa maji, na hiyo ndiyo shabaha: mwani unahitaji jua, na nusu ya jua ikikatwa maisha yake yanakuwa magumu. Kabla hayajatanda nilifunga neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, upande wa magharibi ambako jua la saa tisa linachoma zaidi.

Na nikanunua pampu. Ni ndogo, ya wati 45, inasukuma lita 2,000 kwa saa, kwa hiyo bwawa zima linazunguka kila baada ya saa mbili na dakika chache. Inakula uniti moja ya umeme kwa siku, kama uniti 32 kwa mwezi kwenye luku. Niliona ni bora kuliko kununua samaki wengine. Inapeleka maji chini ya pipa la plastiki la lita 200. Yanapanda kupitia vipande vya sponji ya godoro, kisha kupitia mawe mepesi ya volkano yenye matundu, ambayo kwetu huku hayana bei ya maana, yanafurika juu, yanapita kwenye kijito cha magimbi na kudondoka bwawani. Mawe hayo siyo chujio la uchafu. Ni nyumba ya wale bakteria niliowafuta mara nne kwa brashi. Kila tundu ni chumba.

Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Ya pili, hakuna. Wiki ya nne nilitoa sponji, nikaisuuza vizuri kwa maji ya bomba mpaka ikawa nyeupe, na samaki wakakosa raha siku mbili, wanakaa chini hawataki kula. Klorini ya bombani imeundwa kuua bakteria, na ndicho ilichofanya. Tangu hapo naikamulia ndani ya beseni la maji ya bwawa lenyewe, yale maji meusi napelekea migomba, na sponji inarudi ikiwa bado na rangi ya kahawia. Umeme ukikatika zaidi ya saa chache, kabla ya kuwasha tena namwaga kwanza maji yaliyolala ndani ya pipa, kwa kuwa yameshakosa hewa na yananuka. Usiku hauzimwi mtambo huu kamwe. Nimesema kwa nini.

Septemba 2020 kamba ilisoma 50. Oktoba niliona sakafu.

Na jua nalo likaiona sakafu. Hili halikunijia akilini kabisa: maji yalipokuwa kijani yalikuwa yanajitilia kivuli, na yalipoangaza mwanga ukafika chini, ukaota mwani wa aina nyingine, wa nyuzi ndefu kama nywele, unaoshika kwenye mawe na kwenye mabua ya yungiyungi. Nilitaka kulia. Lakini huu unashikika, na mtu wa cherehani anajua la kufanya na uzi. Nilichukua brashi mpya ya chooni yenye mpini mrefu, nikaizamisha na kuizungusha, na nyuzi zikajivingirisha zenyewe kama kwenye bobini. Mara ya kwanza nilitoa beseni zima. Kila beseni unalolitoa ni naitrojeni na fosforasi iliyotoka nje ya maji kabisa, na inakwenda kwenye mboji. Baada ya miezi miwili zikawa za kujaza bakuli, sasa ni konzi moja kwa wiki. Ule utando mfupi wa kijani kwenye kuta, unaofanana na mahameli, siugusi. Samaki wanaudonoadonoa kutwa, na unakula chakula ambacho vinginevyo kingeyarudishia maji rangi.

Vitu vingine nilijaribu na sina mengi ya kusema. Nilipata mabua ya shayiri kutoka Magharibi ya Kilimanjaro, kwa sababu nilisoma kwamba Waingereza huyazamisha mabwawani. Kwangu sikuona tofauti ya hata fundo moja kwa miezi mitatu. Taa za mionzi ya urujuanimno zinaua kweli ule mwani unaoelea, ingawa wa nyuzi haziugusi, na zingenipa maji maangavu ndani ya wiki chache. Sikununua. Mwani unaouawa na taa unaacha chakula chake majini, na chakula ndicho nilichokuwa nimeshajifunza kukihesabu.

Juni na Julai baridi ikishuka kutoka mlimani kipimajoto changu kinasoma nyuzi 19 alfajiri, na samaki wanapunguza kula. Nami nakata kipimo hadi nusu kifuniko kwa kila watatu. Januari na Februari natazama kamba kwa makini zaidi, na kuna siku inarudi 40. Zamani ningekimbilia brashi. Siku hizi naangalia kwanza kikopo karibu na benchi, naangalia kifereji kama kimezibwa, naangalia kama kuna majani yaliyozama. Mara nyingi jibu liko kwenye mojawapo.

Wale watatu sasa wana urefu wa kiganja changu, na wamezaa. Asili yao ni China, ambako watu wamewafuga kwa zaidi ya miaka 1,000, kutoka kwa samaki wa rangi ya kijivu aliyeishi kwenye maji yaliyotuama, na vifaranga wao bado wanazaliwa na rangi ile ya mababu. Leo asubuhi nimeshusha sahani mpaka ikagonga sakafu, fundo la saba likiwa sawa na uso wa maji. Kifaranga mmoja wa kijivu, mwembamba kama sindano ya mkono, alitoka kwenye mizizi ya yungiyungi, akauzunguka ule ukingo wa buluu, akaudonoa mara mbili. Nimeandika 70, nikaenda kufungua banda.